Jogoo wa Kuomba Radhi

Mtaani wananiita Shoka, na sijawahi kumkatalia mtu jina hilo. Nina bucha yangu pembeni mwa soko dogo: mlango wa bluu, gogo moja la kukatia, mizani moja, na mkono ambao tangu utotoni haujawahi kuingoja akili yangu imalize kufikiri. Nimewahi kumpiga mteja kwa mfupa wa paja kwa sababu alisema nyama yangu ina maji. Nimewahi kumpiga muuza mkaa. Kaka yangu mkubwa nilimpiga siku ya arusi yake, akaingia kwenye picha zote na jicho limevimba. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa zamani nilikuwa nayasema kwa kujisifu.

Mume wangu ni fundi cherehani, na watu wote humwita Fundi, mimi pia. Ni mpole mpaka anakera. Hajui kugombana na mtu, hajui hata kubishana na bei. Cherehani yake aliiweka karibu na mlango wa nyuma ili akishona aweze kuwaona kuku wake uani, ishirini na tisa kwa jumla, ndani ya uzio wa mabati aliougongelea mwenyewe. Alimjua kila mmoja kwa mwendo wake. Kuna aliyemwita Bi Harusi kwa sababu ya maringo, na kuna aliyemwita Karani kwa sababu alikuwa akizungukazunguka kutwa bila kazi ya maana. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba ameoa wake thelathini na wa mwisho kwa uzuri ni mimi.

Wiki tatu kabla ya haya ninayoyasimulia, nilimzaba Fundi kofi. Kaka yangu alikuwa amekuja kutusalimia, nami nikawa namsimulia jinsi nilivyomtoa mbio mkaguzi wa nyama. Fundi akasema kwa kile kisauti chake, "Mke wangu, mkaguzi hakukimbia. Aliaga, akaondoka." Kofi lilitua kabla kaka hajamaliza kucheka. Sikio la Fundi lilivuma siku tatu.

Hakulia wala hakunitukana. Kaka alipoondoka, Fundi alikunja tepu yake ya kupimia akaitia mfukoni, akachukua mkasi wake mkubwa, akasimama mlangoni muda mrefu mgongo ukiwa upande wangu. Kisha akageuka.

"Mara hii nakaa," alisema. "Ukiinua mkono tena, kwangu au kwa mtu yeyote, naondoka. Sitarudi hata kuifuata cherehani."

Nilimwamini, kwa kuwa Fundi hajui kutisha watu. Akikuambia suruali itakuwa tayari Ijumaa, Ijumaa utaivaa. Na mimi bila Fundi sijijui. Watu wengine wote nikiingia mahali hutazama kwanza mikono yangu iko wapi. Yeye hutazama uso wangu, halafu huniuliza kama nimekula. Nilikuwa tayari kufanya lolote asiondoke, isipokuwa jambo moja dogo tu: kutamka neno nisamehe. Neno hilo hunikwama kooni. Tangu utoto nilipigwa ili nilitoe, na halikutoka.

Basi nikaamua kumnunulia jogoo.

Ilikuwa Jumapili, sokoni, nimefunga bucha mapema. Alikuwa jogoo mwekundu, kifua kipana, kilemba kimesimama, anatembea kama mwenye soko. Muuzaji alikubali bei yangu ya kwanza bila ubishi, na hapo mtu mwingine angejiuliza. Mimi sikujiuliza. Nilipomwinua niliona kigamba kikavu puani, upande wa kushoto, na chini ya jicho kulikuwa na uvimbe mdogo. Nikakitoa kigamba kwa kucha, nikampangusa uso kwa ncha ya aproni yangu mpaka akang'aa. Ndivyo tunavyofanya buchani. Mnyama ninayemnunua mimi haishi zaidi ya siku moja, kwa hiyo miaka yote hiyo sikuwahi kumtazama mnyama nikafikiria Alhamisi yake itakuwaje.

Tena sikumtenga. Fundi huwa anamfungia kuku mgeni kwenye tenga wiki mbili, mbali na wenzake, lakini mimi nilitaka asubuhi akitoka na chai yake amkute jogoo katikati ya kuku wake, amepanda juu ya beseni la maji, anawika. Ndivyo ilivyokuwa Jumatatu asubuhi. Fundi alisimama na kikombe mkononi, akamtazama jogoo, akanitazama mimi. Alielewa. Alicheka, akamkagua jogoo juu juu, akamwacha palepale, akaja akanishika kiwiko, na siku ile nzima nilikuwa mwepesi, nilimpa kila mteja nyongeza.

Jumanne jirani yetu alirudi safari. Ni dereva wa lori, anaegesha lori lake nje ya uzio wetu, na safari hiyo alikuja na kuku watatu kwenye kizimba cha mbao. Jumatano asubuhi Karani akapiga chafya.

Kama hujawahi kusikia kuku akipiga chafya unaweza kucheka, na mimi nilicheka. Fundi hakucheka. Jioni wanne walikuwa wanakoroma, na Alhamisi nyuso zilianza kuvimba, macho yakazibwa na usaha, kamasi zikawatoka zenye harufu ya kitu kilichooza. Nimezoea harufu mbaya, lakini ile ilinifuata mpaka kitandani. Fundi aliacha kushona. Aliwaleta wagonjwa ndani, akawapanga kwenye makasha chini ya meza yake ya kukatia nguo, akachemsha maji ya chumvi, akakata vitambaa vidogo vidogo, akawaosha macho mmoja mmoja huku akiwasemesha. "Pole, mama. Pole. Vumilia kidogo."

Ijumaa mchana nilirudi nyumbani nikamkuta amekaa chini amempakata Bi Harusi. Alikuwa amekufa. Machozi yalikuwa yakimshuka Fundi mpaka kidevuni na hakuyafuta.

"Ugonjwa umetoka wapi?" aliniuliza. "Mbona walikuwa wazima?"

Nilitazama nje ya mlango, juu ya mabati, nikaliona lori la Dereva. Damu ilinichemka, na nilishukuru kwamba imechemka. Huo ndio ukweli, na sitaupaka rangi. Nilikuwa nimepata mtu.

Dereva alikuwa amechuchumaa nyuma ya lori anafungua tairi. Alinisikia nikija, akageuka na kunitolea tabasamu.

"Karibu, shemeji. Habari za bucha?"

Nilishika bomba la chuma alilokuwa akilitumia kurefusha mkono wa spana, nikampiga nalo mbavuni. Aliposema "Shemeji, kuna nini?" nikampiga mdomoni. Alianguka ubavu juu ya mawe. Nilimwambia umetuletea ugonjwa, umetuulia kuku, na kila neno nililisindikiza na bomba: bega, mkono aliojikingia, goti. Hakurudisha hata pigo moja. Meno mawili yalitoka, moja likabaki limening'inia kwenye fizi, na mkono wake wa kushoto ulipopinda mahali pasipo na kiungo nilisikia mlio, nikafurahi. Nilifurahi kama mtu mwenye kiu aliyepata maji. Ningeendelea mpaka leo kama mikono miwili isingenikumbata kwa nyuma, na nilikuwa nimekwisha kuinua bomba kumgeukia huyo naye nilipoona tepu ya kupimia inaning'inia shingoni mwake.

Fundi hakunitazama. Alivua shati lake akalifunga mkono wa Dereva, akamwinua, wakaondoka wawili, mmoja kifua wazi na mwingine anatema damu, kwenda zahanati. Mimi nilibaki na bomba. Majirani walikuwa wamefunga milango.

Aliporudi nilikuwa nimekwisha kuandaa utetezi. "Ulisema mtu yeyote," nilimwambia. "Dereva naye ni mtu?" Ulikuwa mzaha wa namna aliyokuwa akiipenda zamani. Alinipita akaingia ndani, akapiga magoti mbele ya makasha, akaanza kuwaosha kuku macho.

"Wameushona mdomo nyuzi tisa," alisema. "Mkono umevunjika. Anasema hatakwenda polisi kwa sababu yangu." Akalowesha kitambaa kingine. "Nitakaa mpaka hawa wapone. Hawana mtu mwingine. Wakipona, naondoka."

Usiku nilipanga maneno na asubuhi sikuyasema. Nilimletea maji ya moto, nikamchemshia chumvi, nikashika kuku aliponiambia shika. Nilikuwa namtii kama mwanafunzi. Kila kuku aliyefumbua jicho nilimfurahia kwa sababu Fundi alifurahi, kisha nikawahesabu waliobaki, kwa sababu niliona siku zinapungua.

Jumapili alikuja daktari wa mifugo, mama mmoja mfupi mwenye buti za mpira, asiye na maneno mengi. Aliwapindua kuku, akawanusa midomo, akawasikiliza vifua.

"Haya ni mafua ya kuku," alisema. "Kingekuwa kideri mngekuwa mnazika ishirini. Haya yana dawa. Mchanganye kwenye maji siku tano, beseni mlioshe kila mara, wagonjwa wakae mbali na wazima. Wengi watapona."

Fundi alishusha pumzi.

"Sasa niambieni, kuna kuku gani mgeni aliyeingia humu?"

"Wa jirani," nilidakia. "Dereva. Aliwaleta Jumanne."

"Nimetoka kwake sasa hivi. Aliniita mwenyewe, hata kusema hawezi vizuri, masikini, sijui amepatwa na ajali gani. Kuku wake hawana kitu. Tena hawajatoka kizimbani tangu waje." Akatazama uani. "Yule jogoo ni wenu siku nyingi?"

"Ana wiki moja," alisema Fundi. "Lakini huyo ni mzima. Yeye peke yake hajaumwa."

"Ndiyo maana namwulizia."

Alimkamata jogoo, akamminya pua kwa kidole gumba, na kitu cha njano kikatoka. Akamwonesha Fundi ule uvimbe chini ya jicho.

"Huyu aliugua zamani akapona nusu. Kuku wa namna hii anakula, anawika, na kila akinywa anawagawia wenzake. Mlipomnunua hakuwa na gamba hapa puani?"

"Hakuwa nalo," alisema Fundi. Alijinyoosha, mtu yule asiyejua kubishana. "Nilimkagua mwenyewe asubuhi ile. Na mke wangu anajua wanyama kuliko mtu yeyote mtaani. Asingeniletea kuku mgonjwa."

Daktari alinitazama. Mimi nilitazama buti zake. Alituachia dawa, akasema jogoo tumwondoe leo leo, akaenda zake.

Fundi alisubiri mpaka geti dogo lilipofungwa.

"Alikuwa nalo?"

"Nilimfuta," nilisema.

"Ulifuta nini?"

"Gamba. Kwa aproni. Nilitaka apendeze."

Nilijua atasema kuhusu Bi Harusi. Nilikuwa nimejikaza kwa hilo. Fundi alikaa kwenye kiti chake cha cherehani, akaweka mikono juu ya mapaja, akasema polepole, "Basi Dereva hakufanya lolote."

Ni hilo tu alilosema. Angenitukana ningevumilia. Angenirushia mkasi ningeudaka na kumshukuru. Lakini alisema lile jambo kwa sauti ya kawaida, na mimi nikaliona lori, nikayaona meno juu ya mawe, nikasikia tena ule mlio wa mkono. Aibu ilinipanda, na kwangu mimi aibu haijui njia nyingine ila ile inayopita mkononi. Nikachukua kisu jikoni.

Jogoo nilimchinja vizuri, kikazi, mguu juu ya mabawa, pigo moja. Hapo ningeweza kusimama. Daktari mwenyewe alikuwa amesema aondolewe. Lakini kuku mweupe alipita mbele yangu anakoroma, nami nikamdaka. Halafu mwingine. Wakaanza kukimbia, wakajibamiza kwenye mabati, na jinsi walivyokimbia ndivyo nilivyozidi kupandwa. Baada ya watano sikuwa nachinja tena, nilikuwa naua. Niliwashika walipopatikana, bawa, mguu, mkia, nikakata nilipopafikia. Mmoja nilimpiga ukutani. Mmoja alikimbia bila kichwa mpaka kwenye beseni la maji, akalimwaga. Damu iliniingia jichoni na nikaendelea na jicho moja.

Fundi alikuwa akiniita. Alikuwa akiniita kwa jina langu la utotoni, ambalo mtaani hakuna anayelijua, na nilimsikia vizuri kabisa.

Wa uani walipokwisha niliingia ndani kuwafuata wa kwenye makasha. Fundi alikuwa amesimama mbele ya meza amepanua mikono.

"Hawa wanapona," alisema. "Mke wangu, hawa wanapona."

Nilimsukuma. Sikumpiga, nilimsukuma, na wakati ule niliiona tofauti kubwa kati ya mambo hayo mawili. Alianguka kiubavu, paji la uso likagonga pembe ya cherehani, akateleza mpaka sakafuni. Nikavuta makasha kutoka chini ya meza. Walikuwa tisa, macho yamesafishwa, wamelazwa juu ya mabaki ya vitambaa vya sketi za watu. Hawakukimbia. Walikuwa wameshazoea kushikwa na mikono ya upole, wakaniachia shingo.

Karani alikuwa wa mwisho.

Baada yake hapakuwa na kitu cha kuua, nikasimama katikati ya chumba na kisu. Nje palikuwa kimya. Ilikuwa saa nane ya mchana, jua kali, na harufu yake unaijua kama umewahi kuingia machinjioni. Fundi alikuwa amekaa sakafuni ameegemea mguu wa meza, damu nyembamba inamtiririka kupita nyusi, manyoya yamemganda nguoni. Alikuwa ameshika kitambaa kile cha kuoshea macho.

Kisu kilinianguka. Nikapiga magoti mbele yake, na lile neno lililonikwama maisha yangu yote likatoka bila hata kusukumwa.

"Nisamehe," nilisema. "Fundi, nisamehe."

"Sawa."

"Usiondoke."

"Sawa. Sitaondoka."

"Unasema kweli?"

"Kweli. Nitakaa."

Nilijiona mwenye bahati kuliko wanawake wote. Nilimwambia nitakwenda kwa Dereva, nitapiga magoti nyumbani kwake, nitauguza mkono ule mpaka upone. "Sawa," alisema. Nilimwambia nitamnunulia kuku wengine, vifaranga wa siku moja kutoka kwa mtu anayeaminika. "Sawa." Nilimwambia anitukane basi, aseme neno lolote baya, nitatulia zaidi akinitukana.

"Nikutukane vipi?" aliuliza, kama anavyomwuliza mteja anataka pindo refu au fupi. Alikuwa tayari kunitengenezea nilichotaka.

Unyoya mdogo mweupe ulikuwa umemnata kwenye nywele, juu ya sikio. Niliinua mkono niutoe.

Fundi alijikunja. Alijifunika kichwa kwa mikono yote miwili, magoti yakapanda kifuani, akajibana kwenye mguu wa meza, na kutoka ndani ya viwiko vyake nikamsikia anasema upesi upesi, "Nisamehe, mke wangu, nisamehe, nisamehe." Mkono wangu ulikuwa bado uko hewani. Nilimngoja afumbue macho aone kwamba ni unyoya tu. Hakufumbua.

Niliuteremsha mkono polepole, nikasogea nyuma kwa magoti mpaka ukutani.

"Fundi," nilimwambia. "Hutaondoka. Nyumba ni yako. Ninakwenda mimi."

Nilinawa kwenye karai, maji yakawa mekundu, nikabadilisha mengine. Nilikunja magauni mawili nikayatia kwenye mfuko wa buchani. Nilifanya yote taratibu mno. Mimi namjua mtu yule: hata mteja aliyemdhulumu humwambia subiri kidogo mvua ipungue, humwuliza kama amekula. Nilipotoka chumbani alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea mwimo, uso umepauka. Nikasimama mbele yake na mfuko wangu, nikangoja aseme nisiende.

Akasogea pembeni, akanipisha.